Mafuta Yakipanda, Je, Kambi Hupata Nafasi?

Tarehe 14 Juni 2022 wastani wa bei ya petroli nchini Marekani ulifika dola 5.02 kwa galoni, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukiona. Siku moja kabla yake, mafuriko yalikuwa yameng'oa barabara ya lango la kaskazini la Hifadhi ya Yellowstone, na wageni zaidi ya 10,000 wakaondolewa. Mwaka ulipokwisha, hifadhi ilihesabu ziara milioni 3.29, ilhali mwaka uliotangulia zilikuwa milioni 4.86. Mtu asiyejua habari za mafuriko, akiwekewa tarakimu hizo kando ya bei ya mafuta, atakata shauri papo hapo: mafuta yalipanda, watu wakabaki nyumbani. Atakuwa amekosea. Barabara hazikupitika, milango ikafungwa, na sehemu ya kusini ilipofunguliwa tarehe 22 Juni magari yaliruhusiwa kuingia kwa zamu kufuatana na namba zake.

Nimeanza na Yellowstone kwa sababu hoja tunayoijadili hupotoshwa sana na hesabu za namna hiyo. Hoja inasema hivi: bei ya mafuta ikipanda, magari-nyumba hubaki uani na kambi hupata nafasi. Wenzetu wengi wanaoishi Marekani wanaiamini, hasa wazazi wanaotamani kuwaonyesha watoto nchi wanamokulia, lakini kila wakijaribu kuweka nafasi wanakuta kiwanja cha mwisho kimeshachukuliwa. Wazungumzaji wanne wafuatao nimewatunga kutokana na mambo yanayosemwa kila msimu wa joto unapokaribia. Yupo nesi wa Kisumu anayefanya kazi hospitalini Minneapolis, Minnesota. Yupo mzee wa Tanga, mstaafu, ambaye miezi ya joto hukaa ndani ya gari-nyumba lake katika mbuga ya jimbo kando ya Ziwa Superior. Anaangalia kambi kwa kujitolea, naye hupewa kiwanja bila kulipa. Yupo dereva wa lori, mtu wa Mombasa. Na yupo kijana wa Bukavu anayefanya kazi kiwandani Elkhart, Indiana, eneo ambako magari-nyumba mengi ya Marekani hutengenezwa.

NESI: Shikamoo, Mzee. Mimi nasimama upande wa hoja, na nitaanza na karatasi yangu ya hesabu. Kutoka Minneapolis hadi Yellowstone ni kama maili 1,000. Kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ya hifadhi, weka 2,200. Gari la kukodi linakunywa galoni moja kila maili 8, kwa hiyo nahitaji galoni 275. Mafuta yakiwa dola 3, nalipa 825. Yakiwa dola 5, nalipa 1,375. Tofauti ni dola 550, na hapo sijalipia gari lenyewe wala chakula. Mimi nina kazi nzuri, na bado nimeahirisha. Mwenye mshahara mdogo kuliko wangu ataendaje? Ni lazima watu wapungue.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Lakini ulipoahirisha Yellowstone, mlikaa nyumbani?

NESI: Hapana. Watoto walishaahidiwa. Tulitafuta nafasi huko kwako, ziwani.

MZEE: Mkapata?

NESI: Hatukupata. Wikendi zote za Julai zilikuwa zimejaa.

MZEE: Waliowatangulia walifanya kama ninyi. Huku kwetu ni kama maili 200 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni galoni 50 kwa gari hilo hilo. Mafuta yakitoka dola 3 hadi 5, mtu anaongeza dola 100, na dola 100 haimzuii mtu aliyekwisha kuomba likizo. Bei ile ile inayowafungia njia ya Yellowstone ndiyo inayowasukuma wote kwangu. Mwaka ule wa 2022, nikipita jioni kukagua vikaratasi vya majina kwenye vigingi, namba za magari zilikuwa za Minnesota safu nzima. Miaka mingine naona Texas, naona Missouri, naona watu wa Iowa wengi. Na wakija hawaondoki upesi. Mtu ambaye zamani angelala siku mbili kwangu, mbili kwa jirani, kisha akazunguka ziwa, sasa anatuliza gurudumu siku tano mahali pamoja. Safari zimepungua maili, kambi yangu haikupungua mtu.

DEREVA: Na wale wanaofika bila nafasi, Mzee, unawaambia waende wapi?

MZEE: Nawaambia kambi imejaa. Zaidi ya hapo sina la kuwapa.

DEREVA: Mimi najua wanakokwenda, wanakuja kwangu. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11, kisha nipumzike saa 10 kamili. Saa zikiisha, gari lisimame. Nafika kituo cha malori saa nne usiku, nafasi za trela zimekaliwa na magari-nyumba yaliyofunga mapazia. Naenda mahali pa kupumzikia pembeni mwa barabara kuu, hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2009 dereva mwenzetu aliuawa South Carolina akiwa amelala katika kituo cha mafuta kilichokwisha kuhamwa, kwa kuwa hakupata pengine pa kusimama. Mke wake alipigania jambo hilo mpaka sheria ya barabara ya 2012 ikaitaka serikali ihesabu maegesho ya malori nchi nzima. Kwa hiyo mnapozungumza kambi kujaa, msiishie kwenye geti la kambi. Familia iliyokosa kiwanja bado italala mahali fulani usiku huo, na mara nyingi ni mahali pa mtu anayefanya kazi.

Hapo nilimuuliza dereva kama bei yenyewe haikumuumiza kuliko maegesho, kwani katika wiki ile ya rekodi ya petroli, Juni 2022, dizeli ilifika dola 5.82.

DEREVA: Iliniumiza sana. Lakini nitakwambia kitu. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo petroli ya dola 5.02 ni kama dola 1.33 kwa lita. Nilimpigia kaka yangu Nairobi. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, walikuwa wametangaza bei yao ya mwezi, shilingi 159.12 kwa lita. Ukibadilisha kwa bei ya fedha ya siku zile, ni kama dola 1.36. Marekani ilikuwa inalia kwa bei ambayo Nairobi ilikuwa inalipa. Kinachomchoma Mmarekani ni umbali, na lile gari linalokula galoni kila maili 8.

Nakubaliana na dereva, na ningeongeza uzito. Watu waliozoea safari hizi huondoka na tangi la maji tupu, wakalijaza wakifika, kwa sababu galoni 40 za maji ni kilo 150 za bure za kupandisha milima. Hupunguza mwendo kutoka maili 70 kwa saa hadi 60. Hukwepa siku za upepo wa mbele kwenye tambarare za North Dakota, ambako gari lenye umbo la sanduku hupigana na hewa kutwa nzima. Wanaokodi kwa mara ya kwanza hawaambiwi mambo haya, nao ndio wanaolipa zaidi.

NESI: Haya, nimekubali kwamba watu wa karibu huja karibu. Lakini nchi nzima je? Huwezi kuniambia kwamba bei hiyo haikupunguza mtu yeyote.

Ni swali la haki, na majibu ya takwimu yanasaidia nusu tu. Hifadhi za taifa zilihesabu ziara kama milioni 297 mwaka 2021 na kama milioni 312 mwaka 2022, yaani mwaka wa bei ya juu kuliko zote ulizidi ule wa kabla yake kwa milioni 15. Tarakimu hiyo inaiumiza hoja ya nesi. Lakini mwaka 2022 vilevile wageni wa nje walikuwa wanarudi baada ya korona, na ziara moja si usiku mmoja kambini: anayeingia asubuhi na kutoka jioni kwenda hotelini huhesabiwa pia. Kwa hiyo sithubutu kusema mafuta ghali yanajaza hifadhi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyesubiri bei imwondolee msongamano mwaka ule alisubiri bure.

KIJANA: Mniruhusu, wakubwa. Ninyi mnaangalia magari yakiwa barabarani, sisi tunayaona kabla hayajapata magurudumu. Ukitaka kujua kama bei inapunguza watu, njoo Elkhart. Mwaka 2007 viwanda vya Marekani vilitoa magari-nyumba na karavani zaidi ya 353,000. Mwaka 2009 vilitoa kama 165,700, chini ya nusu. Mimi sikuwepo, lakini waliokuwepo bado wanasimulia. Watu wasio na kazi walikaribia asilimia 20 Elkhart mwaka huo wa 2009, na Rais Obama akaja Februari, chini ya mwezi mmoja tangu aapishwe. Kwetu mshahara mahali pengi unahesabiwa kwa magari yanayotoka. Magari yakipungua, wiki ya siku tano inakuwa ya tatu, kisha unaambiwa usubiri nyumbani, watakupigia simu. Halafu Mzee anasema hakupungua mtu!

MZEE: Kambini kwangu, nimesema.

KIJANA: Sawa, Mzee, kambini kwako. Lakini kuna mtu amelipa.

Kijana ameleta jambo zito, nami nalipatia nafasi yake, ingawa nadhani kosa amelitwika mafuta peke yake. Petroli ilifika dola 4.11 Julai 2008. Ilipofika Desemba mwaka huo ilikuwa imeshuka chini ya dola 2. Kama mafuta ndiyo yaliyoiua Elkhart, mji ungefufuka Januari. Badala yake 2009 ndiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu benki zilikuwa zimekauka: gari-nyumba hununuliwa kwa mkopo, na anayeuza huliweka uani kwa mkopo vilevile. Mwaka huo huo viwanda vikiwa vimelala, ziara za hifadhi za taifa zilipanda kutoka kama milioni 275 hadi 285. Watu walikuwa wamepoteza kazi, mafuta yalikuwa nafuu, na hifadhi ni mahali pa bei ndogo. Walikwenda kwa magari waliyokuwa nayo na mahema. Yaani kununua gari-nyumba na kulala kambini ni mambo mawili yanayoweza kwenda pande tofauti mwaka mmoja. Hadithi ikajirudia: mwaka 2021 viwanda vilitoa magari 600,240, rekodi ya wakati wote, na 2023 yakashuka hadi kama 313,000 riba ilipopanda. Yale 600,000 hayakuyeyuka. Yapo, yana wenyewe, na wenyewe wanataka pa kuegesha.

KIJANA: Hapo nimekupata. Sisi tulitengeneza yale magari usiku na mchana, ovataimu mpaka Jumamosi. Hakuna aliyekuwa anatengeneza viwanja.

NESI: Sasa nina jambo ambalo linaniudhi kuliko bei, na sijalisikia likisemwa. Mwishoni tulikwenda kwa hema, siku ya Jumanne, kwa watu tunaofahamiana karibu na ile mbuga. Jioni tukaingia kutembea. Mtandaoni imeandikwa imejaa. Nikatembea na watoto, nikahesabu viwanja vitupu. Meza ipo, jiko la kuni lipo, kikaratasi cha jina kipo kwenye kigingi, mtu hayupo. Mzee, hiyo ni nini?

MZEE: Ni kweli, na huniumiza kila wiki. Mbuga zetu za Minnesota unaweza kubuki siku 120 kabla. Kambi nyingi za serikali ya taifa ni miezi sita kabla. Mwenye kujua mambo anabuki Machi, anabuki mahali pawili au patatu, kisha anangoja. Wiki ya safari ikifika anaangalia bango la bei kwenye kituo cha mafuta na kuamua. Akiona ghali, anakwenda mahali pa karibu. Pengine anafuta pale pa mbali kwa wakati. Kwenye kambi za taifa kufuta ni dola 10. Pengine anasahau, au anaona usumbufu. Mimi siwezi kumpa mtu kiwanja kilicholipiwa, hata kama naona nyasi zake hazijakanyagwa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mjadala mzima unapokaa. Kiwanja kinaamuliwa miezi mingi kabla, wakati hakuna anayejua bei ya mafuta. Bei ya mafuta inajulikana wiki ile ile. Mwenye muda na fedha kidogo za ziada huziba pengo hilo kwa kushika nafasi nyingi. Dola 10 ni bima rahisi mno. Kadiri bei inavyoyumba ndivyo watu wanavyotaka bima zaidi, na ndivyo kambi zinavyojaa kwenye kompyuta huku ardhini zikiwa na mapengo. Bei ghali inaweza kabisa kuzaa hali mbili kwa pamoja: familia inayorudishwa getini, na kiwanja kitupu hatua chache kutoka getini hapo.

NESI: Na mimi siwezi kuinunua bima hiyo. Ratiba ya shifti zangu hutoka wiki nne kabla, ikichelewa ni tatu. Machi sijui kama wikendi ya Julai ni yangu au ya wodi. Mume wangu yuko ghala la mizigo, yake hutoka wiki kwa wiki. Ninapokuja kujua siku zangu, nchi yote imeshagawanywa.

MZEE: Njooni Septemba. Baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kambi inapumua, hali ya hewa bado nzuri, majani yanaanza kugeuka.

NESI: Septemba watoto wako shuleni, Mzee. Ushauri huo ni wa wastaafu.

DEREVA: Amesema kweli, Mzee.

MZEE: Amesema kweli. Nimekaa na wastaafu wenzangu mpaka nikasahau. Sisi tuna wakati, na serikali ya taifa inatupa nusu bei ya kiwanja tukiwa na kadi ya wazee wa miaka 62 na kuendelea. Mafuta yakipanda tunatulia mahali pamoja siku nyingi. Anayebanwa ni mwenye watoto na siku sita za likizo.

KIJANA: Dawa ni kujenga viwanja. Magari yameongezeka, viwanja viongezeke. Jenga karibu na miji, watu wasichome mafuta.

MZEE: Kijana, umeliona lile ziwa? Kiwanja kimoja cha gari-nyumba kinataka changarawe, umeme, bomba la maji na shimo la maji taka mahali fulani. Ukikata misonobari uweke viwanja mia, watu watakuja kutazama nini? Tayari kila Jumapili foleni ya kumwaga maji taka inafika barabarani.

KIJANA: Sijasema ziwani. Nimesema karibu na miji. Kuna ardhi za wilaya, kuna mashamba yaliyoachwa, kuna maegesho ya viwanja vya mpira yaliyo matupu Julai nzima.

DEREVA: Na ukijenga, jenga na ya malori pembeni. Tutakulipa.

Kijana na mzee hawakukubaliana, nami niko na kijana kwa nusu. Nataka viwanja vipya vya umma vilivyo ndani ya maili 60 za miji mikubwa, na nataka ziwa libaki lilivyo. Lakini ujenzi huchukua miaka, na nesi ana watoto wanaokua sasa. Jambo linaloweza kufanywa msimu ujao ni dogo zaidi: kutenga sehemu ya viwanja, tuseme kimoja katika kila vitano, visibukiwe miezi mingi kabla bali vifunguliwe siku tano kabla. Baadhi ya kambi za hifadhi za taifa zimeshaanza kutenga viwanja vya siku za mwisho, kwa hiyo si ndoto. Pamoja na hilo, asiyefika hadi asubuhi ya pili bila kupiga simu apoteze kiwanja, na mzee aruhusiwe kumpa aliyesimama getini.

MZEE: Ukinipa ruhusa hiyo, nitaitumia siku hiyo hiyo.

KIJANA: Na mafuta? Tumeanza na mafuta, tunamaliza na vikaratasi vya vigingi.

NESI: Mafuta ni juu yangu. Nifungulie kiwanja siku tano kabla, ratiba ya wodi nikiwa nayo mkononi na bei ya wiki hiyo nikiwa nimeiona kituoni. Hapo nitajua kama ni Yellowstone au ni maili 200 tu, na nitajua kama nina uwezo.